Mianzo 31, hadithi sifuri: tatizo ni vidokezo au ni mimi?

Kalamu_Butu
Habari zenu wanajukwaa. Nina kopo limejaa vikaratasi, kila kimoja na kidokezo cha hadithi. Vingine nimevitoa mtandaoni, vingine nimevitunga mwenyewe. Usiku watoto wakishalala nachomoa kimoja, nafungua daftari, naandika. Huu ni mwezi wa pili. Nina mianzo 31 na sijamaliza hata hadithi moja.

Jana kilitoka "Andika kuhusu safari". Nikaandika: "Ilikuwa asubuhi na mapema, jua likichomoza taratibu..." Nikalifunga daftari kwa aibu. Nimehesabu, jua limeshachomoza humo mara tisa. Juzi kilikuwa "Siri ya familia", nikaandika baba aliyegundulika ana mke mwingine. Wiki iliyopita kilikuwa "Barua". Barua ikafichua kwamba baba ana mke mwingine.

Nitupe kopo?

Mwl_Mstaafu
Usilitupe kopo, tupa vikaratasi. Nimesahihisha insha miaka 27. Ukiwapa wanafunzi 40 "safari", majua 40 yatachomoza. Mwaka mmoja nilichoka nikawaandikia ubaoni: "Abiria ameshuka kituo kimoja kabla ya chake." Majua yalipungua (sikusema yaliisha). Kila mtoto ilibidi ajiulize: kashuka kwa nini? Kamwona nani?

"Safari" ni mada tu. Kidokezo kinatakiwa kiwe na kitu kilichokaa kombo. Hiyo "Barua" yako ifanye hivi: barua imefika, anwani ni yako, jina si lako, na umeshaifungua. Kisha kabla ya kuandika, orodhesha pembeni mambo matano yanayoweza kutokea. Matatu ya mwanzo yaache, kila mtu angeyafikiria hayohayo.

Mizani16
Mimi ni mtu wa mashairi, nitasema la kwetu. Mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Watu hudhani hizo ni pingu. Kwangu ni kinyume. Nikitafuta neno la kuishia na "-ka", nililolikusudia halikubali, nalazimika kuchukua jingine, na hilo jingine linanipeleka nisikokuwa na safari nako. Ubeti wangu bora kabisa ulitokana na kukosa kina.

Kwa hiyo jiwekee sharti. Hadithi yote isitoke nje ya chumba kimoja. Au usitumie neno "nilihisi" hata mara moja. Au baba asiwemo. Kwa kweli, ndugu yangu, anza na hilo la baba.

Sijalala
Hivi huyo mke mwingine mbona kila siku anagunduliwa tu, yeye mwenyewe hasemi kitu? 😂

Mwl_Mstaafu
@Mizani16 hapo kwa baba tunatofautiana. Jua linalochomoza ni mazoea ya mkono. Lakini mtu akirudiwa na jambo lilelile kwa vidokezo viwili visivyohusiana, mimi nisingemkataza. Kuna kitu hapo hajakimaliza.

Msomaji_Tu
Niongeze la subira. Mwaka 1816, karibu na Ziwa Geneva, mshairi Mwingereza Lord Byron aliwapa wageni wake kidokezo kimoja: kila mtu atunge hadithi ya mizimu. Mary Shelley, wakati huo ana miaka 18, alikuja kusimulia baadaye kwamba kila asubuhi aliulizwa kama amepata hadithi, na kila asubuhi akajibu hapana. Hatimaye ikazaliwa riwaya yake ya Frankenstein, iliyochapishwa 1818. Byron mwenyewe, mwenye kidokezo chake, aliishia kipande tu! Wewe unabadilisha kikaratasi kila usiku, hakuna kinachopata nafasi ya kuchacha. Kaa na kimoja wiki nzima.

Na usiku jaribu uandishi huru kama alivyoshauri Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, mwaka 1973: dakika 10, kalamu isisimame, hufuti, hurudi nyuma kusoma. Ukikwama andika "nimekwama" mpaka uchoke nalo.

Kalamu_Butu
Narudi kutoa mrejesho. Siku sita sikuchomoa chochote, nilikaa na swali la @Sijalala, ambaye nadhani alikuwa anatania. Usiku wa kwanza niliandika "nimekwama" mistari kumi na moja. Wa pili, upuuzi. Wa nne nikamwona huyo mke mwingine: familia nzima imepangwa kupigwa picha, baba katikati, na yeye hayumo kwenye picha kwa sababu ndiye aliyeshika kamera. Wanamwita "dada wa picha". Anawaambia wasogeleane.

Nina kurasa saba na nimefika mwisho. @Mizani16, baba yumo lakini hazungumzi, nimejiwekea hilo sharti. Chumba ni kimoja pia.

Mwalimu, ukurasa wa tano kuna jua linazama. Mwanga wa picha ulikuwa unahitajika, naomba hilo moja uniachie.