Naomba ushauri: giligilani inakimbilia maua

Habari zenu wapendwa. Nipo Mabatini, Mwanza. Uwanja wetu ni mawe matupu, kwa hiyo napanda kwenye ndoo za rangi za lita 20 nilizozitoboa chini, barazani. Udongo nimechanganya na samadi ya ng'ombe iliyooza na mchanga kidogo. Mnanaa na mchaichai vimeshamiri, mpaka majirani wanakuja kuomba vya chai.

Shida ni giligilani. Mbegu ni zile za viungo za sokoni. Nazisugua zipasuke, zinaota vizuri tu. Ila ikifika urefu wa kiganja, shina linarefuka, majani mapana yanageuka membamba kama ya shamari, halafu maua meupe hayo! Mimi nataka majani ya kachumbari ya kulia sato.

Nimemwagilia asubuhi na jioni, nikaongeza samadi, wapi. Baraza linatazama magharibi na mawe yanatunza joto hadi usiku, nahisi tatizo ni hapo.

Waliofanikiwa Mwanza: nifunike kwa neti ya kivuli, au nihamishie ndoo upande wa jua la asubuhi? Na kwenye maduka ya pembejeo niulizie mbegu ya aina gani isiyotoa maua mapema?