Re: Tunahamia Chicago kutoka Houston, tuanzie wapi?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mume wangu kapata kazi Chicago, tunatoka Houston na watoto wawili kabla ya Desemba. Kuna apatimenti mbili tumeonyeshwa kwa simu, moja kodi nafuu ila gesi ya kupashia nyumba joto tunalipa wenyewe, ya pili kodi iko juu lakini joto limo humo humo. Gari tunalo moja. Mnatushauri nini?

---

Dada karibu sana. Chukua hiyo yenye joto ndani ya kodi, wala usiumize kichwa. Nyumba nyingi za huku ni matofali ya zamani, madirisha yanapitisha upepo, ikifika Januari bili ya gesi inameza chote ulichookoa kwenye kodi. Na mjue haki yenu mapema: joto likiwa mikononi mwa mwenye nyumba, sheria ya jiji inamtaka kuanzia Septemba 15 mpaka Juni 1 ndani kusishuke chini ya nyuzi 68 za Fahrenheit mchana na 66 usiku. Nasema hivi kwa uchungu kabisa kwa sababu kuna mama mmoja wa Kirundi jengo la jirani alikuwa anaambiwa avumilie, eti avae sweta, watoto wanalala na majaketi, naye anaogopa kusema asije akafukuzwa. Tukamnunulia kipimajoto kidogo cha kubandika ukutani, kila asubuhi anakipiga picha na simu, saa inaonekana, halafu tukapiga 311, namba ya simu ya huduma za jiji, pamoja naye. Mkaguzi alikuja na hita zikawaka. Kwa hiyo msinyamaze jamani, watoto ndio wanaoumia.

Kwa mtaa, mimi ningesema Rogers Park au West Rogers Park. Kiswahili utakisikia barabarani, Wakongo wapo, Warundi wapo, na ukitembea barabara ya Devon utapata nyama halali, mbuzi, viungo, mihogo ya kugandishwa, yaani jikoni hupungukiwi. Treni ya Red Line inapita Rogers Park usiku kucha, hiyo ni muhimu kama mzee anaingia shifti za usiku. Kupotea ni vigumu maana namba za nyumba zinaanzia sifuri pale katikati ya jiji barabara za State na Madison zinapokutana, kila 800 ni maili moja, Devon ni 6400 kaskazini basi ni maili nane kutoka hapo. Na ziwa liko mashariki siku zote.

---

Naongezea la gari kwa sababu hili linawaumiza sana wageni. Kuanzia Desemba 1 mpaka Aprili 1 barabara kubwa kadhaa hairuhusiwi kupaki kuanzia saa tisa usiku hadi saa moja asubuhi, HATA KAMA HAKUNA THELUJI. Watu wanaona lami kavu wanalala zao, asubuhi gari limeshavutwa na bredauni, unalipa faini, unalipa kuvutwa, na kila siku linapokaa yadi unalipa. Soma kibao kabla hujazima injini. Halafu kuna stika ya jiji ya kwenye kioo cha gari, ile mkazi mwenye gari anailipia, msiichelewe.

Baridi yenyewe isiwatishe kupita kiasi, ila iheshimuni. Januari 30, 2019 ilifika kama 30 chini ya sifuri za Celsius, reli zinawashiwa moto wa gesi pale zinapogawana ili zisigande, na siku kama hiyo mtoto hatoki bila glavu hata kwenda kwenye basi tu. Buti nunueni huku, za Houston hazitawafaa. Kinachonisumbua zaidi mimi ni giza, Desemba jua linazama saa kumi na nusu hata haijafika, mtu anashinda kazini anarudi hajaliona, unakuta mama yuko peke yake na watoto ndani wiki nzima. Dada ukifika usijifungie. Chuo cha Truman College pale mtaa wa Uptown wana madarasa ya Kiingereza ya bure kwa watu wazima, wengi wetu tulifahamiana huko huko.

---

Dada nitumie anwani ya hiyo nyumba pembeni. Jumamosi nina nafasi, nitapita nishike hizo hita kwa mkono kabla hamjatuma hela ya mtu.