Chama chetu kinataka kuchangia Flying Doctors ila memba wamegawanyika

mama_wawili
Hamjambo wapendwa. Sisi ni chama cha wamama 18, kila Disemba huwa tunatoa kitu kwa wasiojiweza. Mwaka huu nikasema tuchangie Flying Doctors, zile ndege za kubeba wagonjwa pale uwanja wa Wilson Nairobi, maana dada yangu alibebwa na ile ndege akiwa na mimba ya miezi nane, damu inatoka tu haikatiki, na kwetu hakuna mtu aliyelipa hata shilingi. Sasa nusu ya memba wanasema hiyo ni ya watalii na matajiri wenye kadi, pesa yetu itapotelea huko. Mwenye anajua aniambie nikawaeleze Jumapili.

nesi_wa_jangwani
Mimi ni nesi, zahanati yangu iko Marsabit, mbali kabisa na lami. Siku moja saa nane mchana tuliletewa mchungaji amepigwa risasi ya tumbo. Kiwanja chetu cha ndege hakina taa, kwa hivyo giza likiingia imekwisha, tunangoja asubuhi. Napiga simu na mkono mwingine nimeshika dripu, Wilson wananiuliza presha ngapi, anapumuaje, kiwanja kimekauka ama kuna matope, mbuzi wametolewa? Hiyo ya mbuzi si mchezo. Watoto wa shule wakakimbia wakafukuza mbuzi na punda wote, mzee mmoja akawasha majani mabichi rubani aone moshi unalala upande gani. Ndege yao ndogo, Caravan, ikashuka na vumbi lake, daktari na nesi wakamshughulikia palepale chini mpaka akatulia ndo wakampakia. Kwa barabara angefika kesho yake, na mimi nilimshika mkono, najua hangefika. Huyo si tajiri, alikuwa na shuka moja.

kevo_langata
Kuhusu pesa, Flying Doctors ni mali ya Amref Health Africa, lile shirika la afya. Wenye bima na watalii wanalipa bei kamili, faida inarudi kwa kazi za Amref, alafu kuna safari za hisani za wasio na uwezo, hizo ndo zinahitaji wachangiaji. Ile kadi ya Maisha ni uanachama wa mwaka, unajilipia mwenyewe ubebwe ukipata dharura, usiichanganye na sadaka. Na wamama wasidhani ilianzia kwa watalii, 1957 Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote madaktari wapasuaji, walitaka upasuaji uwafikie watu wa mbali, miaka ya 60 hospitali za misheni zikaanza kuitana kwa redio kolo, zile redio za kuongea. Mkitoa semeni wazi ni ya safari za hisani, na risiti iandikwe hivyo.

abu_pate
Nawaunga mkono lakini naomba msisahau mwendo wa kabla ya ndege. Kwetu kisiwa cha Pate, huko Lamu, mgonjwa anapanda boti kwanza mpaka kisiwa cha Manda kwenye uwanja wa ndege. Kuna usiku tulipita nyumba kwa nyumba tukichanga petroli ya boti, huyu lita mbili huyu lita moja, na mama analia kwenye machela pale gatini. Ndege ingekuja asubuhi ikamkuta wapi? Mimi ningegawa, nyingi ziende kwa ndege na kidogo kwa ule mwendo wa kwanza.

nesi_wa_jangwani
Abu umenena. Hata sisi kiwanja tunafyeka wenyewe kila baada ya mvua, la sivyo kinarudi kuwa kichaka.

mama_wawili
Nimesoma nikilia jamani, asanteni. Hii ya risasi nitawasomea neno kwa neno. Nesi, hapo kiwanjani mnakosa nini?

nesi_wa_jangwani
Panga tunazo. Ule mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo uliraruka ndo maana mzee aliwasha moto, sai tumefunga leso kwa mti.

mama_wawili
Wanne kwetu ni mafundi cherehani. Nitumie vipimo inbox, na rangi ile rubani anaiona vizuri.