Mrejesho: chanzo cha droni yangu kupinduka angani kimepatikana

Habari zenu, wakuu. Niliuliza kwa nini droni yangu ya panga nne, inayoendeshwa kwa ArduPilot (programu huria ya kuongoza droni), ililala ghafla upande wa mbele kulia na kuanguka, ilhali upepo ulikuwa mdogo. Nawashukuru kwa dhati mliosisitiza nisiguse dira wala GPS kabla ya kusoma kumbukumbu ya safari, yaani faili ambamo droni hurekodi data zake ikiwa angani.

Nilianza kwa kulinganisha, kwenye grafu, mlalo ulioamriwa (kiasi ambacho droni iliagizwa ilalie kulia au kushoto) na mlalo halisi. Mistari hiyo miwili ilifuatana vizuri tangu kupaa, kisha ikaachana papo hapo: amri ilibaki karibu na sifuri huku droni ikizidi kulalia kulia. Ushahidi wenyewe, kwa maoni yangu, umo katika amri zilizotumwa kwa mota, kwani mota ya 1, iliyo mbele kulia, ilipandishiwa amri hadi kikomo, karibu maikrosekunde 1,900 (urefu wa pigo la ishara; likiwa refu, mota inaagizwa kwenda kasi zaidi), wakati mota ya 2, iliyo mkabala nayo kwa mshazari, ilishushwa hadi chini kabisa. Kompyuta ya droni ilikuwa ikidai nguvu kwa mota isiyoitikia. Mtikisiko ulikuwa chini ya 30 m/s², yaani wa kawaida, na volti za betri hazikuporomoka, kwa hiyo sikuvishuku hivyo.

Nilipofungua mkono wa droni unaobeba mota ya 1, waya mmoja kati ya mitatu inayotoka kwenye kidhibiti kasi kwenda kwenye mota ulikuwa umeachia kwenye kiungo chake cha risasi ya kulehemu; ukiguswa kidogo, mota inatetemeka bila kuzunguka. Nimeuchomelea upya, na mota inazunguka vizuri bila panga. Nitairusha panga mpya zikifika, kwa sababu za zamani zimepata nyufa.