Mrejesho: kwa nini baba hakupasuliwa ini

Wakuu, niliuliza kwa nini madaktari hawataki kumpasua baba ilhali uvimbe wa saratani kwenye ini lake ni wa sentimita 2 tu. Kumbe kikwazo si uvimbe, ni ini lenyewe. Homa ya ini B imelijaza makovu, wakikata, kitakachobaki huenda kisimudu kazi. Basi wameuunguza kwa sindano ya joto iliyopitishwa kwenye ngozi, wakiongozwa na picha ya ultrasaundi. Njia hiyo hufaa zaidi uvimbe usiozidi sentimita 3. Kemo (dawa za kuua seli za saratani) hakupewa, na ndugu wamelalamika weee! Dawa za kudhibiti virusi vya hiyo homa ya ini B anaendelea nazo. Sisi watoto tumepima: mdogo wangu amekutwa navyo, wengine tumeanza chanjo.