Kocha na mtoto mmoja ndani ya gari: tukataze kabisa, au tunawaonea makocha?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kuna jambo limeigawa klabu yetu ya watoto katikati, na naamini si sisi peke yetu, ndiyo maana nalileta mbele yenu.

Mimi si kocha. Ni mama wa beki wa kushoto wa timu ya chini ya miaka 12, na msimu huu nimeangushiwa kazi ya kusimamia usalama wa watoto, maana lilipoulizwa kwenye kikao nani ataichukua, kila mtu aliinamia simu yake. Nikaanza kuandika kanuni. Nyingi zilipita bila kelele: mtu mpya asikabidhiwe watoto kabla hatujauliza alikotoka, watu wazima wasibadili nguo wala kuoga pamoja na watoto, picha za watoto zisirushwe ovyo mitandaoni. Moto uliwaka kwenye kanuni moja tu: mtu mzima yeyote wa klabu asiwe peke yake na mtoto mmoja mahali ambapo hawaonekani. Kwa maneno mengine, hakuna lifti ya mtoto mmoja, hakuna mazungumzo ya mlango kufungwa, hakuna kumfuata mtoto inboksi. Ujumbe wa ratiba uende kwenye kundi ambalo wazazi wamo.

Kocha wetu mkuu, mtu ninayemheshimu na mwanangu anampenda, akasimama: "Miaka tisa nawafundishia bure. Leo mmeniweka kundi moja na wabakaji." Akatoka. Nusu ya wazazi wakamfuata nje kumbembeleza.

Sasa niwaambie kwa nini sikumfuata.

Msimu uliopita, kabla sijapewa kazi hii, siku moja nilichelewa kumchukua mwanangu. Nilipofika giza lilishaingia na manyunyu yanadondoka. Kocha alikuwa amesimama chini ya taa moja ya uwanjani, mfuko wa mipira begani. Mwanangu amekaa juu ya rundo la koni, njumu mkononi, soksi zimelowa chapachapa, hatua kama kumi kutoka alipo kocha. Gari la kocha liko pale pale pembeni. Nikauliza kwa nini hawakuingia ndani wakajikinga. Kocha akajibu, "Nilimwambia aingie, akagoma. Kasema umemkataza kupanda gari la mtu." Tukacheka wote.

Nyumbani sikulala. Sikumshuku kocha hata chembe, na mpaka leo simshuku. Kilichoniondolea usingizi ni kwamba nilikuwa nimemtwika mtoto wa miaka 11 kazi ya kumwambia "hapana" mtu anayeamua Jumamosi nani anaanza na nani anakaa benchi. Siku ile aliweza. Siku ambayo anaitaka jezi kuliko kitu kingine chochote duniani, angeweza?

Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kanuni: ile "hapana" itoke kinywani mwa mtoto, iende kwenye karatasi ya klabu. Naombeni maoni, na mnaopinga msinionee haya.

Kocha wa wasichana

Dada, nimekusoma na hiyo picha ya koni imenigusa. Lakini naomba nitofautiane nawe, kwa sababu kanuni ya namna hii huandikwa na watu wanaoondoka uwanjani filimbi ya mwisho ikilia.

Timu yangu ni ya wasichana chini ya miaka 15. Kocha ni mmoja, mimi. Msaidizi akipata kibarua haji. Kila wiki kuna mtoto anabaki wa mwisho, na mara nyingi ni yule yule, ambaye kwao hakuna anayepokea simu. Saa moja usiku nifanye nini? Nimwache getini ili nisivunje kanuni? Barabara ina hatari zaidi kuliko gari langu.

Halafu kuna hili ambalo hamlisemi. Watoto wawili wameshawahi kuniambia mambo mazito ya nyumbani kwao. Wote wawili waliniambia tukiwa peke yetu, tunakusanya koni wenzao wameshaondoka. Mbele ya mtu mzima wa pili wasingefungua mdomo. Mkishamfundisha kocha kumkimbia mtoto, mtoto atamwambia nani?

Mchezaji wa zamani

Nitaandika kidogo maana hata sasa vidole vinakuwa vizito.

Mimi sikuguswa. Yalikuwa meseji. Zilianza na ratiba ya mazoezi, zikawa "umelala?", zikawa "hii usimwonyeshe mtu, wenzako watakuonea wivu, nakuandaa uvae namba 10". Nilikuwa na miaka 13. Nikaivaa ile namba 10 mechi nne. Kila nilipoivaa nilijua kuna kitu ninachodaiwa, ila sikujua ni nini.

Nyumbani nikasema goti linauma. Wakanipeleka kupimwa goti. Goti lilikuwa zima. Sikurudi uwanjani tena.

Kama klabu ingekuwa na kanuni kwamba kocha haruhusiwi kumwandikia mtoto inboksi, ile "umelala?" ya kwanza kabisa ingekuwa kosa, na ningejua ni kosa. Bila kanuni ilikuwa ni kocha mwenye upendo.

Mdau wa soka

Pole sana kaka. Umesema kitu ambacho ripoti za kurasa mamia zinakisema kwa kuzunguka.

Kwa wanaodhani mleta mada anatunga hofu, itazameni Uingereza. Novemba 2016 Andy Woodward, aliyewahi kuichezea klabu ya Crewe Alexandra, aliamua kujitokeza kwa jina na sura yake, akaeleza alivyonajisiwa utotoni na Barry Bennell, kocha na msaka vipaji vya vijana. Baada yake wakajitokeza wengine, na wengine, hadi shirika la kulinda watoto la NSPCC likafungua laini maalumu ya simu. Bennell alihukumiwa miaka 31 mwaka 2018. Lakini angalieni hili: alikuwa ameshakamatwa Florida, Marekani, mwaka 1994, akiwa amepeleka timu ya watoto ziarani. Miaka zaidi ya ishirini ikapita kabla ukubwa wa jambo haujajulikana.

Aliwapata vipi? Hakuvizia vichakani. Wazazi walimkabidhi watoto wenyewe, kwa mkono wa shukrani, wakalale kwake wikiendi. Nyumba ilikuwa na mashine za michezo na hata nyani. Kila mtu aliamini huyu ndiye mlango wa kwenda ligi kuu. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amevaa jezi ya klabu.

Chama cha soka cha England kikamwagiza wakili Clive Sheldon achunguze miaka ya 1970 hadi 2005. Ripoti yake ilitoka Machi 2021: watuhumiwa wasiopungua 240, waathirika wasiopungua 692. Na akasema chama chenyewe kilikawia kuweka kinga za kutosha kati ya Oktoba 1995 na Mei 2000, ilhali hatari ilishajulikana. Kesi ya Bennell haikukosa watu wema waliokuwa na wasiwasi. Ilikosa kanuni ambayo mtu mwenye wasiwasi angeweza kuinyooshea kidole akasema hii imevunjwa, bila kwanza kuthibitisha uhalifu.

Mpenda kabumbu

Mkuu, hiyo ni klabu za kulipwa zenye ndoto za mamilioni. Sisi tunazungumzia timu ya mtaani yenye mipira sita. Mnachukua mnyama mmoja wa England mnawafunika nacho wanaume wote wanaojitolea. Matokeo yake makocha wazuri wataondoka, watabaki wasiojali. Na siku mtoto akiwekwa benchi akaamua kumzushia kocha, nani atamsafisha jina?

Mdau wa soka

Kumzushia ndiko hasa kanuni inakomzuia mtoto. Kocha ambaye hajawahi kuwa faragha na mtoto ana watu wa kumshuhudia. Na hizo klabu za akina Bennell hazikuwa zote za kulipwa, nyingi zilikuwa timu za mtaani vile vile, zenye mipira sita.

Fundi wa uwanja

Samahanini nawakatisha. Mnabishana kuhusu inboksi huku magoli ya kuhamishika yamesimama bila kufungwa chini. Mtoto akining'inia mwambani lile chuma linamwangukia kifuani. Watoto wamekufa hivyo, na dawa yake ni mifuko ya mchanga tu kwenye mguu wa nyuma au kulichimbia. Kuna suala la watoto kupiga mpira vichwa pia: Marekani walivikataza mwaka 2015 kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini, England wakaviondoa mwaka 2020 kwenye mazoezi ya watoto wa umri wa shule ya msingi. Hivyo nani anavisimamia klabuni kwenu?

Mleta mada

Fundi, umenishika. Kwenye kanuni zangu goli halimo. Kesho naenda kulitikisa kwa mkono.

Sasa kwa Kocha wa wasichana, maana hoja zake ndizo zilizonifanya nirudie kuandika.

La mtoto anayebaki wa mwisho: kosa lile si la kocha, ni la mzazi. Najua kwa sababu mzazi mwenyewe nilikuwa mimi. Kanuni yangu ya kwanza ilimbana aliyebaki na kumwacha huru aliyechelewa, na hilo nakiri ni uonevu. Nimeiandika upya: mzazi mmoja kwa zamu anabaki hadi mtoto wa mwisho aondoke. Akikosekana, kocha anasubiri na mtoto mahali penye mwanga panapoonekana, kama alivyofanya kocha wetu usiku ule bila kanuni yoyote. Ikibidi kabisa ampeleke, mtoto akae kiti cha nyuma, na kabla gari halijaondoka kocha aandike kwenye kundi: nampeleka fulani, saa hii, kwa sababu hii. Dharura ya kuumia ni hivyo hivyo. Tunachokataza ni siri, mwalimu. Msaada hatuukatazi.

La watoto waliokuamini ukikusanya koni: hapo nakushukuru, nilikuwa sijalifikiria. Lakini rudi usome ulichoandika. Mlikuwa uwanjani, peupe. Mtu akipita barabarani angewaona na asingesikia neno. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe: muonekane, msisikike. Na aliyokuambia usimwahidi kuyafanya siri kati yenu, mwambie mapema kwamba kuna mtu mmoja utalazimika kumweleza.

Huyo mtu mmoja ndiye ninayetaka tumbishanie sasa, kuliko hata gari. Klabu nyingi zikiulizwa mtoto apeleke malalamiko kwa nani, zinajibu "kwa kocha mkuu" au "kwa mwenyekiti". Mwenyekiti ni rafiki wa kocha, na kocha ndiye anapanga kikosi. Mtoto mwenye akili timamu hawezi kumshitaki mwenye karatasi ya majina kwa mwenye karatasi ya majina. FIFA walipotoa mwongozo wao wa FIFA Guardians mwaka 2019 kwa vyama vyote 211, walisisitiza awepo mtu maalumu wa kulinda watoto. Mimi naongeza langu: asiwe na sauti yoyote kwenye kupanga timu, asiwe mke, mume wala ndugu wa kocha, na namba yake watoto waijue kwa kichwa. Kaka yetu wa namba 10, kama angekuwepo mtu wa namna hiyo ungemwambia?

Mchezaji wa zamani

Sijui kama ningemwambia. Ila angeniona nimeacha kuja, akauliza. Kocha alipoulizwa alisema "goti". Klabu nzima ikaridhika na goti.

Kocha wa wasichana

Hilo la nani aliyeacha kuja ni zito. Mimi nina orodha ya mahudhurio, lakini anayeisoma ni mimi mwenyewe.

Dada, zamu ya wazazi naiunga mkono kwa mikono miwili, ila niambie utamlazimisha vipi mzazi. Inboksi nakubali, naacha leo. Gari bado nina kigugumizi. Yule mtoto wangu wa mwisho, mama yake hana hata simu ya kuingia kwenye kundi.

Mpenda kabumbu

Mimi bado naona mnaua mapenzi ya kujitolea. Lakini hili la orodha kusomwa na mtu mwingine sina pingamizi nalo.

Mleta mada

Kwa mtoto ambaye mama hana simu, jibu kamili sina. Labda mzazi wa zamu aongozane nanyi hadi mlangoni, na hiyo inategemea mzazi wa zamu awepo. Nitalipeleka hivyo hivyo kikaoni, likiwa na tundu lake.

Orodha ya mahudhurio imeingia. Kuanzia wiki hii naisoma mimi, na mtoto akikosa mara tatu nampigia mzazi mwenyewe, sipokei "goti" kutoka kwa mtu mwingine.

Na kocha wetu ameandika jana usiku. Hakunifuata inboksi. Ameandika kwenye kundi, wazazi wote tukiwemo: Jumatano atakuja kikaoni, na ana kipengele chake kuhusu wazazi wachelewaji. Ameshaanza kuorodhesha majina. Najua la kwanza ni la nani.