Daladala za Dodoma kukatisha ruti: mwenye kosa ni konda au ni hesabu?

Wadau, kila tukilalamikia daladala za hapa Dodoma jibu huwa lile lile: trafiki na LATRA (mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu) wawabane, wapigwe faini. Mimi nasema hata wakipigwa faini kila siku, ruti zitaendelea kukatishwa. Nipingeni.

Hali mnaijua. Jioni pale Sabasaba gari inaingia, ubavuni imeandikwa Nzuguni, konda anaita "Nanenane, mwisho Nanenane!" Anayeishi Nzuguni ndani anapanda hivyo hivyo, maana akingoja nyingine giza litamkuta stendi. Akishushwa Nanenane, ama anatafuta gari ya pili ama anapanda boda. Nauli ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilipanda Desemba 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600, wengi tukanung'unika. Lakini kinachommaliza mtu ni kulipa mara mbili kwa safari moja.

Sasa tuangalie upande wa dereva. Gari si yake. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, yaani kile kiasi alichopanga aletewe kila siku. Mafuta ni juu ya dereva, konda ni juu ya dereva, kinachobaki ndiyo mshahara. Abiria wawepo wasiwepo, hesabu haipungui. Halafu jiji letu asubuhi linakwenda upande mmoja. Gari za Mtumba, huko kwenye Mji wa Serikali, zinajaa mpaka mlangoni zikienda, zinarudi na vichwa vitatu. Jioni ni kinyume chake. Ukiwa na hesabu ya kutimiza utaendesha siti tupu mpaka mwisho wa ruti? Utageuzia njiani, na mimi ningegeuza.

Hata wanafunzi ni hesabu hiyo hiyo. Mtoto analipa 200, mtu mzima 600. Konda anaweka mkono mlangoni, "wanafunzi wawili tu, wawili!", wengine wanabaki na mabegi yao kituoni. Tunamwita mkatili (na wapo wakatili kweli, tusidanganyane), lakini ile tofauti ya 400 nani anamfidia? Serikali imepanga nauli ya huruma, huruma yenyewe inatoka mfukoni mwa konda.

Na jiji lenyewe limetawanyika. Chuo Kikuu kilimani, Mtumba kule mashariki, stesheni ya treni ya SGR upande wa Mkonze. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 765,179. Barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3 ni jambo jema, malori yatapungua mjini, ila haimfikishi kazini mtu asiye na gari.

Ninachopendekeza: ruti zitolewe kwa zabuni, mwenye mabasi alipwe kwa kilomita alizotembea na dereva apewe mshahara. Hapo gari tupu haimtishi mtu. Faini nazo zitakuwa na maana, kwa sababu asiyefika mwisho wa ruti atakuwa ameiba kilomita.

Najua mtaniambia niangalie mwendokasi ya Dar. Ilianza Mei 2016, miaka ikapita watu wakirundikana vituoni kwa uchache wa mabasi. Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi. Ila kule mwendeshaji alikuwa mmoja, akishindwa yeye hakuna wa kumkimbilia. Ndiyo maana nataka wawe watatu au wanne, na vikundi vya wenye kosta mojamoja viruhusiwe kuomba kwa pamoja, la sivyo aliyenunua gari kwa mkopo tutamfilisi kwa jina la maendeleo.

Panaponisumbua ni fedha. Zile kilomita tupu lazima mtu azilipe. Ziingizwe kwenye nauli, tulipe 800 lakini gari ifike mwisho na itembee mpaka saa nne usiku? Au jiji lichangie kutoka kwenye ushuru wa maegesho ya magari binafsi? Mimi naegemea kwenye maegesho, na najua wenye magari humu mtanirukia.

Na wamiliki wa daladala mliomo, msikae kimya. Semeni wazi: kosta moja hapa Dodoma hesabu yake kwa siku ni shilingi ngapi, na dereva akiikosa siku mbili mnamfanyaje?